Klabu ya vijana ya kujitolea: namna ya kuiendesha Mwanza ili izae viongozi

Klabu nyingi za vijana zina mwanzo unaofanana: fulana mpya, picha ya pamoja ufukweni na mawe ya Bismarck nyuma yao, Jumamosi moja ya kufagia soko, kisha kimya. Haziishii hapo kwa kukosa moyo. Maamuzi yote huwa yamebaki kwa mwalimu mmoja au kwa kijana mmoja mwenye sauti kubwa, na wengine ishirini na kitu wamegeuzwa mikono ya kushika reki. Mikono huchoka haraka kuliko kichwa chenye jambo la kuamua.

Kwa hiyo mwongozo huu unashika uzi mmoja. Kila mwanachama apewe kitu kidogo cha kuamua, kukitunza na kukitolea hesabu mbele ya wenzake, kisha kitu hicho kikue kadiri anavyokua. Semina za uongozi zina nafasi yake, ila kijana aliyewahi kupoteza beleshi la klabu na kulazimika kulieleza kwenye kikao amejifunza jambo ambalo semina haigusi.

Wasukuma walilijua hili kabla neno klabu halijafika. Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewapanga kwenda kulima kwa pamoja, na ngoma ya bugobogobo bado huchezwa na jembe mkononi. Mnapowaeleza wazee mtaani kwamba mnataka kuanzisha klabu, anzieni hapo. Wataelewa upesi kuliko mkianza na "mradi wa kuwawezesha vijana".

Shuleni, mtaani, au chini ya mtandao mkubwa

Klabu ya shule ndiyo nyepesi kuanza. Inakaa chini ya mkuu wa shule, ina mwalimu mlezi, na haihitaji usajili wa halmashauri. Udhaifu wake ni kalenda: likizo, mitihani, na viongozi wanaomaliza shule wakiondoka na daftari.

Ya mtaani inahitaji kutambuliwa. Anzeni kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kisha ofisi ya kata kwa afisa maendeleo ya jamii. Andaeni katiba fupi, muhtasari wa kikao cha kuanzisha wenye sahihi za waliohudhuria, orodha ya wanachama na viongozi, na barua ya utambulisho kutoka mtaani. Muulizeni afisa anataka fomu ipi kabla hamjaenda kuchapisha chochote, maana kuchapisha mara mbili ndiko kunakomaliza mchango wa kwanza. Kumbukeni pia kwamba jiji hili lina halmashauri mbili. Mtu wa Kirumba, Kitangiri au Pasiansi yuko Manispaa ya Ilemela. Wa Igogo, Mabatini, Butimba au Buhongwa yuko Jiji la Mwanza, wilaya ya Nyamagana. Barua ikienda kusikohusika hukaa huko.

Hapo halmashauri watakuja wanaouliza kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile inayogawiwa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wajibuni mapema: mkopo ule ni wa shughuli za kiuchumi na hurejeshwa. Wanaotaka waunde kikundi cha uzalishaji pembeni. Klabu ya huduma inayojaza wanachama kwa ahadi ya mkopo hubaki tupu siku mkopo unapochelewa.

Kuna pia mitandao mikubwa ya kujiunga nayo. Interact ni ya Rotary, mtandao wa kimataifa wa klabu za huduma, kwa umri wa miaka 12 hadi 18. Ilianza Florida, Marekani, mwaka 1962, lazima idhaminiwe na klabu ya Rotary, na kila mwaka hutakiwa kufanya angalau miradi miwili, mmoja wa shule au jamii yake na mwingine wa kujenga uelewano wa kimataifa. Rotaract, ya 1968, ni ya kuanzia miaka 18. Ukomo wake wa miaka 30 uliondolewa mwaka 2020. Klabu za Leo, za mtandao wa Lions, huchukua miaka 12 hadi 30. Roots & Shoots ilizaliwa hapa hapa nchini, Dar es Salaam, mwaka 1991, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, akiwa na kundi dogo la wanafunzi, na huziomba klabu zitazame watu, wanyama na mazingira kwa pamoja. Mitandao hii huleta miongozo na marafiki wa mbali. Huleta pia ripoti, taratibu na mara nyingine ada. Fanyeni mradi mmoja kwa jina lenu kwanza, mwone kama mnaweza kukaa pamoja miezi mitatu, ndipo mwombe kujiunga.

Ukubwa na vikosi

Watu 24 wanatosha. Wagawanyeni vikosi vinne vya watu sita, kila kikosi na kiongozi wake. Wazo hili limeazimwa kwa Skauti, ambao hupanga vijana katika makundi ya watu sita hadi wanane, na sababu yake ni rahisi: kijana wa miaka 15 anaweza kujua wenzake watano wanaishi wapi, nani mgonjwa, nani hana nauli. Hawezi kujua hayo kwa watu 24. Mkipata wanachama 50, msifanye klabu ya watu 50 yenye mwenyekiti mmoja anayepiga kelele. Ongezeni vikosi, au fungueni klabu ya pili mtaa wa jirani.

Changanyeni vikosi makusudi. Marafiki watatu wakiwa kikosi kimoja, wengine watatu watakuwa wageni humo humo.

Ngazi nne za majukumu

Ngazi ya kwanza ni kazi ya kikao kimoja tu: kutunza muda, kuandika ahadi, kuhesabu vifaa, kumkaribisha mgeni. Ndani ya kikosi chake, kila mwanachama azipitie zote nne katika wiki sita za mwanzo. Zamu zifuate mpangilio wa rejista na si "nani anajitolea?", kwa sababu swali hilo huwaita wale wale kila wiki. Tena rejista huondoa tatizo jingine linaloota kimyakimya: msichana hufanywa katibu "kwa kuwa ana mwandiko mzuri" na kupewa upishi siku ya kazi, mvulana akabaki na kipaza sauti. Zamu zikienda kwa majina, mvulana atapika na msichana ataongoza mkutano wa hadhara bila mtu kulazimika kutoa hotuba ya usawa.

Ngazi ya pili ni kiongozi wa kikosi, miezi mitatu. Anawajibika kwa wenzake watano: wafike, warudi salama, wafanye walichoahidi. Wape hawa simu au njia ya kufikia wazazi, na daftari dogo.

Ngazi ya tatu ni mratibu wa mradi. Huyu anapewa mradi mmoja wenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, bajeti na mtu mmoja wa nje anayeshirikiana naye, tuseme mwalimu wa afya wa shule ya msingi au mwenyekiti wa mtaa. Hapa ndipo kiongozi anapopikwa hasa, kwa hiyo hakikisheni watu wengi kadiri inavyowezekana wanapita. Miradi midogo minne kwa mwaka yenye waratibu wanne ina faida kuliko mradi mmoja mkubwa wenye bosi mmoja.

Ngazi ya nne ni kamati: mwenyekiti, msaidizi wake, katibu na mweka hazina. Mwaka mmoja, bila kurudia nafasi ile ile, na asiwanie mtu ambaye hajapita ngazi ya pili. Kwa sekondari, fanyeni uchaguzi kabla ya Mei, viongozi wapya washike kazi Julai. Mwenyekiti atoke Kidato cha Tatu, msaidizi Kidato cha Pili. Mwenyekiti atatumikia hadi Juni anapokuwa Kidato cha Nne, akabaki na miezi ya kujiandaa kwa mtihani wa taifa wa Novemba. Msaidizi naye ana mtihani wa Kidato cha Pili mwezi huo huo, basi Septemba hadi Novemba mpunguzieni mzigo. Klabu zinazochagua Januari hujikuta hazina viongozi kuanzia Agosti.

Mlezi

Kazi ngumu kuliko zote ni ya mtu mzima, maana ni kazi ya kunyamaza. Katika kikao cha saa moja, mlezi asiseme lolote dakika 50 za kwanza. Akibanwa sana aulize, asiamuru: "Mmemuuliza nani?" "Mvua ikinyesha siku hiyo?" "Fedha ikipungua nusu, mtaacha nini?" Barua ikirudi kwa sababu haina tarehe, aiache irudi. Kikao kikivurugika kwa kukosa ajenda, akiache kivurugike mara moja.

Mambo matatu tu anayasimamisha papo hapo: hatari kwa mwili, fedha isiyoeleweka, na kumdhalilisha mtu. Wanachama walio chini ya miaka 18 wawe na ruhusa ya maandishi ya mzazi kwa kila shughuli ya nje, watu wazima wawili wawepo, mmoja wao mwanamke kama kuna wasichana, na watoto wawe wameshafika nyumbani kabla ya magharibi.

Kikao cha saa moja

Dakika 5 za majina na salamu. Dakika 10 za ahadi za wiki iliyopita: kila aliyeahidi anasimama, anasema "nimefanya" au "sijafanya, kwa sababu hii". Dakika 25 za mradi unaoendelea. Dakika 10 za ujuzi mmoja mdogo, unaofundishwa na mwanachama: kuandika barua rasmi, kusoma ramani ya mtaa, kuosha kidonda. Dakika 5 za fedha, mweka hazina akisoma salio kwa sauti. Dakika 5 za mwisho ni za ahadi mpya.

Muhtasari usiwe insha. Safu tatu zinatosha: kazi, nani, lini. Neno "wote" likikaa kwenye safu ya "nani", ile kazi haitafanyika. Andikeni jina la mtu mmoja, hata kama atasaidiwa na kumi.

Mradi wa kwanza: vibuyu chirizi shule ya msingi

Mradi wa kwanza uwe mdogo, uonekane, umalizike ndani ya wiki tatu na uendelee kudai malezi baadaye. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kinakidhi yote hayo, na kando ya ziwa, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, hakuna wa kuuliza faida yake.

Kwa kibuyu kimoja mnahitaji dumu la lita 5 lenye mkono na mfuniko, miti miwili yenye panda, mti mlalo wa mita 1, fimbo ya kanyagio ya mita 1 hivi, kamba ya mita 3, msumari, kipande cha sabuni ya mche, kopo au chupa ya plastiki iliyokatwa, na ndoo moja ya kokoto. Miti yenye panda iwe mita 1.5 kwa darasa la kwanza hadi la tatu, mita 2 kwa wakubwa.

Chimbeni mashimo mawili ya sentimita 45, umbali wa sentimita 70. Kabla ya kusimika, unguzeni ncha zitakazozama hadi ziwe nyeusi, vinginevyo mchwa watakula mradi wenu kabla ya muhula kwisha. Pitisheni mti mlalo kwenye mkono wa dumu, uwekeni juu ya panda na uufunge usizunguke hovyo. Pasheni msumari moto mtoboe tundu moja upande wa mbele wa dumu, sentimita 12 hivi chini ya mfuniko. Fungeni kamba shingoni mwa dumu, ishukie kwenye ncha ya kanyagio. Ncha ile nyingine ilale chini bila kufungwa, na iliyofungwa ining'inie sentimita 15 juu ya ardhi. Mtoto akikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Yakisitasita, legezeni mfuniko kidogo hewa iingie. Sabuni itobolewe katikati, ining'inizwe kwa kamba, na kopo liwe kofia yake dhidi ya mvua. Chini wekeni kokoto kwenye shimo la sentimita 40 kwa 40, kina sentimita 10, ili pasiwe tope wala mbu.

Kwenye shule za mlimani, ambako jembe hugonga mwamba baada ya kiganja kimoja, msipoteze asubuhi nzima mkipiga nyundo. Simikeni mti ndani ya debe lililojazwa zege, au ufungeni kwenye nguzo ya uzio iliyopo.

Sasa hesabu, ambayo ni kazi ya mratibu na si ya mlezi. Mtoto akitumia mililita 100, dumu la lita 5 linanawisha watoto 50. Shule ya wanafunzi 600 inahitaji vibuyu 12. Wakinawa mara mbili kwa siku, ni lita 120, yaani madumu sita ya lita 20 kila siku ya shule. Yanatoka wapi? Bomba la MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza), kisima, au watoto wanabeba kutoka nyumbani? Nani anayajaza, saa ngapi? Mratibu asipokuwa na jibu la maswali haya, asinunue hata msumari. Vibuyu vikavu vilivyosimama mbele ya darasa ni jambo la kawaida kuliko inavyopaswa, na karibu kila mara ujenzi ulikuwa mzuri. Kilichokosekana ni ratiba ya maji.

Wiki ya kwanza, kikosi cha kwanza kinamwona mwalimu mkuu, kinapima maeneo na kuhesabu wanafunzi. Waende wawili, mmoja akiwa mzungumzaji na mwingine mwandishi. Shikamoo kwanza, wajitambulishe na klabu yao, kisha waombe: "Mwalimu, tumekuja kuomba ruhusa na ushauri wako, tungependa kusaidia watoto wapate mahali pa kunawa karibu na vyoo." Wasifike wakitangaza kilichokwisha kuamuliwa. Kikosi cha pili kinakusanya madumu na miti. Wiki ya pili, Jumamosi saa 2 asubuhi, kikosi cha tatu kinaongoza ujenzi na wote wanafanya kazi chini yake, mwenyekiti wa klabu akiwa mchimbaji kama wengine. Hili la mwenyekiti lisirukwe. Kijana asiyejua kuongozwa na mdogo wake hajaiva. Wiki ya tatu, kikosi cha nne kinawafundisha watoto kunawa kwa sekunde 20 na kukabidhi kila kibuyu kwa darasa moja lenye viranja wawili. Sabuni ya akiba inakaa kwa mwalimu, maana sabuni inayoning'inia usiku kucha hupata mwenyewe.

Ukaguzi ufanyike wiki ya 1, ya 4 na ya 12 baada ya kukabidhi: hesabuni vinavyofanya kazi, vilivyo na maji, vilivyo na sabuni. Wiki ya 12 ndiyo inayopima mratibu. Vikiwa 9 kati ya 12 vina maji, huyo mpeni mradi mwingine. Vikiwa 2, naye mpeni mwingine, ila kwanza aeleze kilichotokea.

Usafi wa mitaro, na miti

Hapa tupite haraka, kwani makosa ni machache na yanajulikana. Mitaro ya maeneo kama Mabatini, kandokando ya Mto Mirongo, isafishwe Septemba na Oktoba mapema, kabla mvua hazijakolea. Tope likitolewa liondolewe siku hiyo hiyo. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha. Kabla ya kukubali tarehe, ulizeni taka zitapelekwa ghuba lipi la taka na gari la kuzipeleka dampo la Buhongwa litapita lini. Viroba 60 vilivyoachwa kando ya barabara kwa wiki mbili vitawafanya majirani wawachukie. Pale Mwaloni Kirumba zungumzeni kwanza na uongozi wa soko na akina mama wa dagaa, na salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "mwangaluka, mayu", hufungua njia ambayo barua yenye muhuri haiifungui. Glavu ni lazima: ndoana na vipande vya nyavu vimo ndani ya taka.

Miti, pandeni 24, mti mmoja kwa mwanachama, wala si 500. Mashimo ya sentimita 60 kwa 60, mpande Novemba mvua zikishakaa. Mti haufi Novemba. Hufa Julai, ukame umeshika na picha zimeshasahaulika. Ratiba ya kumwagilia Juni hadi Septemba iandikwe kabla ya kununua mche. Zungushieni miiba dhidi ya mbuzi. Karibu na chemchemi msipande mikaratusi, ina kiu sana.

Ziwani

Ziwa lina sheria zake na hapa mlezi hanyamazi. Kichocho ni ugonjwa wa kwetu. Mabuu yake hutoka kwa konokono wa maji yasiyo na kina kando ya ufuo, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hata pasipo kidonda. Kwa hiyo hakuna kuingia majini miguu wazi kuokota chupa au kuvuta gugu maji, ambalo mizizi yake hubeba konokono hao hao. Gambuti na glavu ndefu za mpira, au kazi ifanyike nchi kavu tu. Aliyelowa ajikaushe mara moja kwa taulo, na zahanati iulizwe kuhusu dawa ya praziquantel. Waulizeni wavuvi kama ghuba hilo lina viboko au mamba, wanajua.

Mkivuka kwenda kisiwani, kila mtu avae jaketi la kujiokolea tangu anapopanda na si "likitokea la kutokea". Safari iwe asubuhi, na chombo kikijaa mteremke. Ajali ya MV Bukoba ya Mei 1996 na ya MV Nyerere ya Septemba 2018 zote zilikuwa za vyombo vilivyobeba watu kupita uwezo wake. Kiongozi wa kikosi anayesema "sisi tunasubiri kinachofuata" wakati wenzake wanamwita mwoga amefanya uamuzi wa uongozi kuliko hotuba yoyote ya mwaka huo, na kikao kinachofuata kimpongeze kwa jina.

Fedha

Mchango wa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa watu 24 ni 24,000, miezi mitatu 72,000. Zinatosha kwa mradi mdogo. Asiyeweza kulipa asitengwe; mweka hazina apokee sababu yake faraghani na kikao kisizijadili.

Watenganisheni watu watatu: mratibu anaomba, mwenyekiti anaidhinisha, mweka hazina anatoa. Mtu mmoja asishike nafasi mbili kati ya hizo, hata kwa siku moja. Wauzaji wengi sokoni hawatoi risiti, hivyo chapisheni karatasi za malipo zenye tarehe, kitu, kiasi, jina na sahihi ya aliyepokea. Fedha isikae kwenye laini ya simu ya mtu binafsi. Hata akiwa mwaminifu kabisa, akiwa na deni la mkopo wa simu, pesa ya klabu ikiingia hukatwa yenyewe, na asubuhi ana kesi asiyoijua. Kiasi kidogo kikae kwenye sanduku lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili. Kikikua, fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Salio libandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi.

Atakuja mgeni rasmi mwenye fulana zenye rangi za chama chake au sura yake mgongoni. Mshukuruni, mwambieni klabu inapokea mabeleshi, glavu na madumu. Wakati wa kampeni msikubali hata mabeleshi. Mwacheni kijana wa ngazi ya tatu amjibu. Kukataa kwa adabu mbele ya mtu mzito ni ujuzi, na hapatikani mwalimu bora wa ujuzi huo kuliko mgeni mwenyewe.

Baada ya kila kazi, dakika 15

Kabla watu hawajatawanyika, vikosi vikae chini kivulini na kujibu maswali manne. Tulipanga nini? Kimetokea nini? Kwa nini? Tutabadili nini safari ijayo? Mratibu anazungumza wa mwisho. Jibu la "mambo yalienda vizuri" lisikubaliwe. Atajwe mtu, saa au kifaa. Yakiahirishwa hadi kikao kijacho, kila mmoja atakuwa ameshapamba kumbukumbu yake.

Kila mwanachama pia awe na ukurasa wake kwenye daftari la klabu. Mwaka ukigeuka, mlezi na kiongozi wa kikosi waangalie naye mambo ya kuonekana kwa macho: Ameongoza kikao kikaisha ndani ya saa moja? Ameandika barua iliyojibiwa? Amesoma hesabu mbele ya wenzake? Amemfundisha mtu mwingine kazi yake? Mwenye ndiyo tatu anapanda ngazi. Mwenye moja anabaki kwa miezi mitatu mingine, na si aibu. Kuna vijana wakimya ambao hawatataka kamwe kiti cha mwenyekiti lakini vifaa vyao havipotei. Wapeni stoo yote.

Makabidhiano

Mei na Juni viongozi wapya wakae na wa zamani. Wiki mbili za kwanza mpya anatazama, wiki mbili wanafanya pamoja, mwezi unaobaki mpya anafanya na wa zamani anatazama. Siku ya kukabidhi pawe na orodha iliyosainiwa na wote wawili: katiba, rejista, daftari la muhtasari, daftari la fedha na salio lililohesabiwa mezani, karatasi za malipo, muhuri, funguo, idadi ya mabeleshi, reki, glavu na gambuti, nywila za barua pepe na kundi la WhatsApp, majina ya watu wa mtaani wanaoshirikiana na klabu, na miradi ambayo haijafika wiki ya 12. Majina ya mtaani yasiishie kwenye karatasi. Kiongozi wa zamani ampeleke mwenzake kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mwalimu mkuu na kwa mama mkubwa wa pale Mwaloni, amtambulishe kwa mdomo.

Kikao cha kwanza cha Julai, mwenyekiti aliyemaliza anakaa nyuma na hasemi mpaka aulizwe. Cha pili, arudi kwenye kikosi chake, na Jumamosi apangiwe reki.